Ridhaa au kulipwa? Ulinganisho kwa kijana wa gofu anayetaka kushinda mashindano makubwa

Januari 21, 2024, kwenye uwanja wa PGA West huko La Quinta, California, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Chuo Kikuu cha Alabama alisukuma mpira wa kama mita mbili, ukaingia shimoni, na mashindano ya The American Express yakawa yake. Nick Dunlap alikuwa na miaka 20. Alimaliza siku nne kwa mikwaju 259, yaani 29 chini ya kiwango (idadi ya mikwaju ambayo uwanja umepangiwa), mkwaju mmoja mbele ya Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola 1,512,000, na zote zilikwenda kwa Bezuidenhout aliyeshika nafasi ya pili, kwa sababu Dunlap alikuwa mchezaji wa ridhaa, yaani asiyecheza kwa malipo, na kanuni hazikumruhusu kuzipokea.

Ushindi huo unaweza kukupeleka kwenye maamuzi mawili yanayopingana. Kama mwanafunzi anawashinda wanaolipwa, kuna haraka gani ya kugeuka kuwa mchezaji wa kulipwa? Asome, acheze, fedha zitakuja. Au hivi: kama anawashinda na bado anaondoka mikono mitupu, anangoja nini? Nimewasikia wazazi wakiyatetea yote mawili kwa ukali ule ule huku mtoto amekaa katikati akisikiliza. Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya mtoto huyo.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mchezaji wa ridhaa bado anaweza kushinda mashindano ya juu ya kulipwa. Kwa wanaume hutokea mara moja baada ya miaka mingi sana, kwa wanawake hutokea mara nyingi zaidi. Ila anayeshinda siku hizi ameandaliwa kama mchezaji wa kulipwa kwa kila kitu isipokuwa hundi. Kwa hiyo unapochagua, achana kwanza na jina utakaloitwa. Uliza ni upande upi utakaokupa mashindano magumu zaidi na mazoezi bora zaidi mwaka huu na miwili inayofuata.

Enzi ya Bobby Jones haiwezi kuwa kipimo

Wanaotetea ridhaa hupenda kurudi kwenye orodha ya zamani, na orodha hiyo inavutia kweli. Mwaka 1913 Francis Ouimet, kijana wa miaka 20 aliyekulia ng'ambo ya barabara kutoka uwanja wa The Country Club, Brookline, na aliyewahi kuwa kedi (mbeba fimbo) hapo hapo, aliwashinda Harry Vardon na Ted Ray katika raundi ya ziada ya kuamua bingwa wa US Open. Vardon na Ray, wote wazaliwa wa kisiwa cha Jersey, walikuwa miongoni mwa wachezaji waliotisha kuliko wote wakati huo. Aliyembebea Ouimet fimbo alikuwa mtoto wa miaka 10, Eddie Lowery. Wakafuata Jerome Travers mwaka 1915 na Chick Evans mwaka 1916. Kisha akaja Bobby Jones wa Atlanta, aliyeshinda US Open mara nne kati ya 1923 na 1930, na The Open ya Uingereza mara tatu. Mwaka 1930 alitwaa katika msimu mmoja mashindano hayo mawili pamoja na ubingwa wa ridhaa wa Marekani na wa Uingereza, halafu akaacha kushindana akiwa na miaka 28 tu. Wa mwisho alikuwa Johnny Goodman wa Omaha, bingwa wa US Open mwaka 1933.

Baada ya Goodman hakuna mwanamume wa ridhaa aliyeshinda lolote kati ya mashindano manne makubwa: US Open, The Open, Masters na PGA Championship. Masters, yaliyoanza 1934, hayajawahi kumpata bingwa wa ridhaa hata mara moja.

Kwa nini waliweza? Kwa sababu kazi ya kulipwa haikuwa hii tunayoiona leo kwenye televisheni. Mchezaji wa kulipwa alikuwa mwajiriwa wa klabu: aliwafundisha wanachama, alitengeneza fimbo, aliuza mipira, na mashindano aliyacheza pale alipopata nafasi. Klabu nyingi za Uingereza hazikumruhusu hata kuingia kwenye jengo la wanachama. Walter Hagen alipofika Deal kwa The Open ya 1920 alikodi gari la kifahari, akaliegesha nje ya klabu na kulifanya chumba chake cha kubadilishia nguo. Mtu aliyesoma na mwenye kipato kutoka kwingine, kama Jones, alikuwa na nafasi ya kujiandaa ambayo mwajiriwa wa klabu hakuipata. Si wote waliokuwa na uwezo, lazima niseme: Ouimet alikuwa mfanyakazi wa duka la vifaa vya michezo, na Goodman alikuwa yatima. Lakini hata wao walikutana na wapinzani waliokuwa na kazi nyingine ya kufanya wiki nzima.

Kijana wa leo akishika mfano wa Jones kama sababu ya kubaki ridhaa, anashika mfano wa mchezo mwingine.

Fedha zilipoingia

Baada ya Vita Kuu ya Pili zawadi zilianza kupanda, televisheni ikaja, na kucheza mashindano kukawa kazi kamili. Hapo walio bora wakaanza kuondoka kwenye ridhaa mapema. Naona hiki ndicho kiini cha jambo zima, ingawa watu wengi hulitafutia maelezo mengine: fimbo mpya, mipira inayoruka mbali, viwanja vilivyorefushwa. Wachezaji wa ridhaa hawakudhoofika. Wanaoweza kushinda hawakai ridhaa muda wa kutosha kujaribu mara nyingi.

Tazama waliokaribia. Mwaka 1956 Ken Venturi, akiwa wa ridhaa, aliingia siku ya mwisho ya Masters akiongoza kwa mikwaju minne, akapiga 80 na kupoteza kwa mkwaju mmoja kwa Jack Burke Jr. Mwaka 1960 Jack Nicklaus, mwanafunzi wa miaka 20, alimaliza wa pili kwenye US Open pale Cherry Hills, mikwaju miwili nyuma ya Arnold Palmer. Nicklaus angebaki ridhaa miaka kumi zaidi, orodha ya mabingwa ingesomeka tofauti kabisa. Mwishoni mwa 1961 akageuka kulipwa, na mwaka uliofuata akashinda US Open.

Kwenye PGA Tour, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, kuanzia 1954 hadi 2024, wanaume wa ridhaa walioshinda ni watano: Gene Littler huko San Diego mwaka 1954, Doug Sanders kwenye Canadian Open ya 1956, Scott Verplank kwenye Western Open ya 1985, Phil Mickelson huko Tucson mwaka 1991, na Dunlap. Kati ya Sanders na Verplank ilipita miaka 29, kati ya Mickelson na Dunlap miaka 33. Mickelson alikuwa mwanafunzi wa Arizona State. Siku ya mwisho aliharibu vibaya shimo la 14, akapoteza mikwaju mitatu pale pale, na bado akatulia na kushinda kwa mkwaju mmoja. Alirudi chuoni akamaliza shahada yake, akageuka kulipwa mwaka 1992.

Ulaya mlango ulifunguka baadaye, na ulipofunguka wakaingia watatu kwa muda mfupi. Pablo Martín wa Hispania alishinda mashindano huko Ureno mwaka 2007, wa kwanza wa ridhaa katika historia ya European Tour. Mapema mwaka 2009 Danny Lee wa New Zealand, akiwa na miaka 18, alishinda Johnnie Walker Classic huko Perth, na Mei mwaka huo huo Shane Lowry akashinda Irish Open kwenye mvua na upepo wa Baltray, baada ya mashimo ya ziada dhidi ya Robert Rock. Euro 500,000 za mshindi zikaenda kwa Rock. Japani nayo ina wake: Ryo Ishikawa alishinda mashindano ya ligi ya kulipwa mwaka 2007 akiwa na miaka 15, na Hideki Matsuyama mwaka 2011.

Yaliyofuata baada ya ushindi hayafanani. Lowry alitwaa The Open ya 2019, Matsuyama Masters ya 2021. Martín alishinda mara mbili zaidi, zote huko Leopard Creek, Afrika Kusini, lakini hakufikia kilele alichotabiriwa. Kushinda ukiwa ridhaa kunathibitisha kwamba unaweza kwa wiki moja. Wiki ya thelathini ya msimu ni mtihani tofauti.

Mchezaji wa ridhaa wa leo ni nani hasa

Dunlap hakutoka kijijini akiwa na fimbo za kuazima. Mwaka 2021 alikuwa bingwa wa vijana wa Marekani, na mwaka 2023 akawa bingwa wa ridhaa wa Marekani. Kabla yake aliyewahi kutwaa mataji yote mawili ni Tiger Woods peke yake. Chuo kikubwa cha gofu Marekani humpa mchezaji ufadhili wa masomo, kocha, mtaalamu wa mazoezi ya mwili, rada za kupima kasi na mzunguko wa mpira, viwanja bora, na safari za mashindano ambazo hazitoki mfukoni mwake. Anashindana kila mara na vijana ambao miaka miwili baadaye atawakuta kwenye ligi kuu. Ni wachezaji wachache wa kulipwa wa daraja la chini, popote duniani, wenye maandalizi kama hayo.

Kanuni nazo zimelegea. Tangu Januari 1, 2022, R&A na USGA, vyombo vinavyotunga kanuni za gofu, vinamruhusu mchezaji wa ridhaa kupata udhamini na kulipwa kwa matangazo, na vyuo vya Marekani viliruhusu wanariadha wao kunufaika na majina yao tangu Julai 2021. Yaliyobaki yanayomvua mtu hadhi ya ridhaa ni machache: kupokea zawadi inayozidi pauni 700 au dola 1,000, kucheza mashindano kama mchezaji wa kulipwa, kufundisha gofu kwa malipo, na kuajiriwa kama mtaalamu wa klabu.

Hilo la kufundisha lina uzito mkubwa kwetu Afrika Mashariki kuliko Alabama, nitalirudia.

Kuna pia ngazi mpya. Kupitia mfumo wa PGA Tour University, mwanafunzi anayemaliza chuo akiwa wa kwanza kwenye orodha hupewa kadi ya PGA Tour, yaani haki ya kucheza kwenye ligi hiyo, moja kwa moja. Wa kwanza kunufaika hivyo alikuwa Ludvig Åberg wa Sweden, kutoka Texas Tech, mwaka 2023. Aligeuka kulipwa Juni, akashinda mashindano huko Uswisi Septemba, akacheza Ryder Cup (pambano la timu za Ulaya na Marekani) huko Roma, na Novemba akashinda kwenye PGA Tour. Luke Clanton wa Florida State alimaliza wa pili mara mbili kwenye PGA Tour mwaka 2024 akiwa bado wa ridhaa, na mwaka 2025 akajihakikishia kadi yake kabla hata ya kuvua sare ya chuo. Ukiona hivyo utaelewa kwa nini kijana mwenye nafasi ya namna hiyo hana sababu ya kukimbia.

Ubavu kwa ubavu

Tuanze na fedha, maana ndizo zinazoongoza mazungumzo ya nyumbani. Wa ridhaa hapati zawadi, na zawadi aliyoikosa haidai baadaye hata akigeuka kesho yake. Anachoweza kubaki nacho ni haki za ushindi: Dunlap hakupata dola, lakini alipata nafasi kwenye PGA Tour hadi mwisho wa 2026, na alipogeuka kulipwa siku chache baadaye aliitumia. Julai 2024 alishinda Barracuda Championship, akawa mtu wa kwanza kushinda PGA Tour kama ridhaa na kama wa kulipwa katika msimu mmoja.

Wa kulipwa anapokea chake chote, na analipa chake chote. Nauli, hoteli, kedi, kocha, ada za kujiandikisha, vyote juu yake. Na katika mashindano ya kawaida ya siku nne, zaidi ya nusu ya wachezaji hukatwa na mchujo baada ya siku mbili. Kwenye ligi nyingi aliyekatwa haondoki na chochote. Kijana anayegeuka kwa sababu ameona hundi ya mshindi, ajiulize kwanza atawezaje kuishi miezi sita bila kupita mchujo. Simtishi, hivyo ndivyo mwaka wa kwanza unavyokuwa kwa wengi.

Kwa upande wa milango, ridhaa ina utajiri ambao watu hawauoni. Bingwa wa ridhaa wa Marekani hualikwa Masters akibaki ridhaa. Bingwa wa ridhaa wa Uingereza huingia The Open. Kwa Afrika, R&A ilianzisha mwaka 2024 Africa Amateur Championship, na bingwa wake hupewa nafasi kwenye The Open: Altin van der Merwe wa Afrika Kusini alishinda ya kwanza pale Leopard Creek na kucheza The Open pale Royal Troon mwaka huo huo, na mwaka 2025 Bryan Newman, pia wa Afrika Kusini, akapata safari ya Royal Portrush. Mchezaji wa kulipwa wa Kenya, Tanzania au Uganda anayeitaka The Open hana njia fupi namna hiyo. Atapambana kwenye mashindano ya kufuzu pamoja na mamia ya wengine. Ukigeuka, mlango huo unafungwa nyuma yako siku ile ile.

Shinikizo nalo ni suala zito. Justin Rose alikuwa na miaka 17 alipomaliza katika nafasi ya nne kwenye The Open ya 1998, Royal Birkdale, kwa mkwaju wa mbali uliotumbukia shimo la mwisho na kuutikisa uwanja mzima. Aligeuka kulipwa mara moja. Akakatwa na mchujo mara 21 mfululizo. Kipaji kilikuwa kile kile, uwanja ni ule ule wenye mashimo 18, lakini sasa kila mkwaju ulikuwa na bei. Alisimama, na mwaka 2013 akashinda US Open, lakini si kila familia inaweza kumbeba kijana wake kwenye kipindi kama kile. Dunlap pia hakusalimika: kwenye Masters ya 2025 alipiga 90 siku ya kwanza. Kesho yake alirudi akapiga 71, na mimi namheshimu kwa ile 71 kama ninavyomheshimu kwa ushindi wa La Quinta.

Na kurudi? Kunawezekana. Aliyegeuka na kushindwa anaweza kuomba arudishiwe hadhi ya ridhaa kupitia chama cha gofu cha nchi yake, akasubiri muda uliowekwa. Uamuzi huu haufungi maisha. Unachokula ni miaka ya ujana ambayo hairudishwi na barua.

Kwa wasichana hesabu ni nyingine

Ukiwa na binti, soma upya yote niliyoandika hapo juu ukikumbuka kwamba kwa wanawake pengo kati ya ridhaa bora na ligi ya kulipwa ni jembamba zaidi. Mwaka 1967 Catherine Lacoste wa Ufaransa, binti wa bingwa wa tenisi René Lacoste, alishinda US Women's Open akiwa wa ridhaa, na mpaka leo ndiye pekee. Kwenye LPGA, ligi kuu ya wanawake ya Marekani, baada ya JoAnne Carner kushinda akiwa wa ridhaa mwaka 1969, ilibidi kusubiri hadi 2012, Lydia Ko wa New Zealand aliposhinda Canadian Women's Open akiwa na miaka 15. Mwaka uliofuata akayashinda tena, bado wa ridhaa, halafu akageuka kulipwa Oktoba 2013. Kwa mara zote mbili hundi zilienda kwa wengine.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Lottie Woad wa Uingereza, kwa sababu unaonyesha jinsi ya kuchagua wakati. Mwanafunzi huyo wa Florida State alishinda Augusta National Women's Amateur mwaka 2024. Julai 2025 alishinda Women's Irish Open kwa tofauti ya mikwaju sita, akiwa wa ridhaa. Wiki iliyofuata akashika nafasi ya tatu kwa kufungana kwenye Evian Championship, mojawapo ya mashindano makubwa matano ya wanawake. Akageuka kulipwa, na katika mashindano yake ya kwanza, Women's Scottish Open, akashinda. Yote ndani ya mwezi mmoja. Rose Zhang wa Marekani alifanya jambo la aina hiyo Juni 2023, aliposhinda LPGA katika mashindano yake ya kwanza ya kulipwa.

Wote wawili walikaa ridhaa hadi walipokuwa tayari wanashindana sawa kwa sawa na wa kulipwa, na walipogeuka hawakuhitaji kujifunza kuogopa. Kama nyumba yenu ina binti anayecheza kiwango cha uwanja akiwa na miaka 16, njia hii ya chuo inapaswa kuwa ya kwanza mezani.

Hapa kwetu

Kenya Open ilianza mwaka 1967. Seve Ballesteros aliishinda mwaka 1978, Ian Woosnam mwaka 1986, na tangu 2019 ipo kwenye ligi kuu ya Ulaya. Mwaka 2025, pale Muthaiga, mfuko wa zawadi ulikuwa dola milioni 2.5, na bingwa Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini aliondoka na zaidi ya dola 400,000. Toka ilipoanza hadi mwaka huo hakuna Mkenya aliyeishinda, wa ridhaa wala wa kulipwa. Kila mwaka nafasi kadhaa hutengwa kwa wachezaji wa nyumbani wa pande zote mbili, na kila mwaka kazi ngumu zaidi kwao ni kupita mchujo wa Ijumaa.

Watu husema vijana wetu wana faida: wanaijua hewa nyepesi ya Nairobi inayouongezea mpira mwendo, na nyasi za kikuyu zinazoishika fimbo. Ni kweli. Lakini mgeni wa ligi ya Ulaya huzoea hewa ile ndani ya siku mbili za mazoezi. Asichoweza kukizoea mtu ndani ya siku mbili ni kucheza raundi nne mfululizo dhidi ya watu ambao hiyo ndiyo kazi yao kila wiki. Mashindano mengi ya ridhaa kwetu huchezwa mwisho wa wiki, katikati ya masomo au kazi. Hapo ndipo tunapoachwa, na hapo ridhaa na kulipwa vinakuwa sawa: mchezaji wetu wa kulipwa naye hukosa mashindano ya kutosha kwa mwaka. Ndiyo maana mzunguko wa Afrika Mashariki wa Sunshine Development Tour, ligi ya kulipwa ya kukuza wachezaji, una maana kubwa. Unawapa vijana wa ukanda huu ratiba karibu na nyumbani.

Sasa suala la kufundisha. Wengi wa wachezaji wetu bora walianza kwa kubeba fimbo za wanachama. Kijana wa namna hiyo hujifunza kwa kutazama, anapata handikapu (mikwaju ya nafuu anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake) ya chini kuliko wengi wa anaowabebea, na siku moja mwanachama anamwomba amfundishe mtoto wake na kumlipa. Akipokea, hadhi yake ya ridhaa imekwisha, na pamoja nayo timu ya taifa ya ridhaa na Africa Amateur Championship. Wa Alabama hashawishiki hivyo maana ana chakula bwenini. Kwa hiyo nisingemwambia kijana wetu abaki ridhaa kwa ajili ya heshima huku ana kodi ya kulipa.

Ningewashauri hivi. Mwenye miaka 15 hadi 18, anayesoma vizuri na anayeweza kupata chuo Marekani: abaki ridhaa bila kusita, na wazazi wake watumie fedha kumpeleka kwenye mashindano yanayohesabika katika orodha ya dunia ya ridhaa, maana makocha wa vyuo huitazama orodha hiyo. Binti yeyote wa kiwango hicho, vivyo hivyo, na aombe nafasi ya kucheza Magical Kenya Ladies Open pale Vipingo kila inapochezwa. Ataondoka akijua, mkwaju kwa mkwaju, anahitaji nini.

Mwenye miaka 24, aliyetokea ukedi, anayetegemewa nyumbani na asiye na mlango wa chuo: ageuke kulipwa, ila ageuke kwa mpango. Awe na kazi ya kufundisha inayomlisha, awe na klabu inayomruhusu kuondoka kucheza mzunguko wa ukanda, na awe ameshapima kama anaweza kupiga chini ya kiwango raundi tatu mfululizo nje ya uwanja wake wa nyumbani. Ushindi mkubwa kwake hautakuja kwa sababu ya jina la ridhaa wala la kulipwa. Utakuja akipata wiki nyingi za kushindana kuliko alizo nazo sasa.

Aliye katikati, ambaye hajaamua, alinde hadhi yake kwanza kwa kujua kanuni. Kwenye mashindano yasiyotumia handikapu anaruhusiwa kupokea hata fedha taslimu, mradi zisivuke pauni 700 au dola 1,000. Kwenye mashindano ya handikapu, ambayo ndiyo mengi katika klabu zetu, fedha taslimu haziruhusiwi hata kidogo. Akabidhiwe kombe, vifaa au vocha ndani ya kiwango hicho hicho. Udhamini wa kampuni anaruhusiwa kuupokea. Malipo ya kumfundisha mtu, ayakatae hadi siku atakayokuwa ameamua. Na akiwa na shaka juu ya bahasha yoyote, awaulize chama cha gofu cha nchi yake kabla ya kuifungua.